Mjukuu Wangu na Maji ya Padri

Mimi skuli niliishia darasa la tatu, Pemba, na chuo cha Kurani nikahitimu. Mengine yote nimejifunza London kwa mikono. Nilianza na karai moja la sambusa katika jiko la fleti ya kaunsili, yaani ya halmashauri, Tooting, nikizipeleka madukani kwa basi, mfuko mapajani, abiria wakinigeukia kwa harufu. Kufika mwisho wa miaka ya tisini nilikuwa na chumba changu cha kupikia, wanawake wa kunikunjia, na nyumba yenye bustani nyuma. Sikubebwa na mtu. Nilizoea kusema neno na neno likawa.

Kwa hiyo mwanangu wa kike aliponiambia anataka kuolewa na kijana wa Kitaliano, nilisema hapana, na mara hiyo neno halikuwa. Kijana alisilimu, akatamka shahada mbele ya wazee, ndoa ikafungwa. Mama yake alikaa nyuma na mtandio aliofungwa na mwanangu, analia bila sauti. Sikumlaumu. Hata mimi nililia, ila mimi nilitoka nje kwanza.

Mama huyo nitamwita Nonna, kwa sababu ndivyo mjukuu wetu anavyomwita, na kwao maana yake ni bibi tu. Ni mfupi, mkavu, mjane kama mimi. Miaka mingi alipika na kuosha vyombo katika mkahawa wa mumewe, si mbali na kwangu. Tulikuwa tukipishana sokoni zamani kabla ya kujuana. Nilimjua kama yule mwanamke anayeminya kila nyanya halafu anaondoka.

Mtoto alipozaliwa, mimi ndiye niliyemsimamia baba yake amsomee adhana sikioni. Alikwama njiani, nikamtilia maneno. Nonna alikaa upande wa pili wa kitanda, mkoba magotini, anatutazama midomo. Tulipomaliza akaniuliza kwa Kiingereza chake, ambacho ni kibovu kama changu, kwa hiyo tunaelewana:

“Na maji, lini?”

“Maji gani?” Nilijua anachouliza.

“Ya kichwani. Kanisani.”

“Kwetu sisi maji ni mara tano kwa siku, mama. Huyu hatokosa maji.”

Nilidhani nimempata. Hakucheka wala hakukasirika. Aliangalia tu kipaji cha uso cha mtoto, akakipigapiga kidogo kwa kidole, na kuanzia siku ile mimi sikuwa na raha. Kila akimbeba nilikaza macho. Akienda naye chumba cha pili, namfuata na kikombe cha chai mkononi kama nina jambo la kumwambia.

Majira ya machipuko yaliyofuata, Nonna akasema anakwenda kijijini kwao, milimani huko Italia, kufungua nyumba baada ya baridi, na anataka mtoto aonwe na watu wake wakati wa Pasaka. Mwanangu na mumewe wakakubali. Mimi sikualikwa. Nilijialika.

“Mum, ni likizo tu,” mwanangu aliniambia.

“Na mimi nataka likizo.”

“Wewe? Tangu lini? Siku ya pili ya Idi unakaanga sambusa!”

 Jambo lenyewe lilikuwa hili: baada ya kiangazi mwanangu angerudi kazini, na walikuwa wameshapanga kwamba nusu ya wiki mtoto atalelewa na Nonna, nusu na mimi. Nusu nzima ya wiki, mlango umefungwa, mimi sipo. Nilitaka kumwona mwanamke yule kwao, nijue kama naweza kumwachia mtoto au nifunge biashara nimlee mwenyewe.

Begi langu lilijaa mchele, samaki wa kopo, na sufuria yangu mwenyewe, maana sikujua vyombo vyao vimepikiwa nini. Kijiji kimekaa juu ya kilima kama masufuria yaliyorundikwa kwenye karo la kuoshea, nyumba ya huyu juu ya paa la yule, mawe matupu. Njia zake ni ngazi. Kigari cha mtoto tulikiacha chini siku ya kwanza na hatukukigusa tena. Nusu ya madirisha yamefungwa, wenyewe wako ng'ambo, wengi London. Wanarudi kwa Pasaka, wanapiga nyundo, wanafukuza popo, halafu wanakwenda zao.

Kwenye kiwanja kidogo penye bomba la maji ya mlimani, yanayotoka mchana na usiku bila kufungwa, kuna benchi la wazee wanaume. Mmoja wao aliuza aiskrimu London kwa gari miaka na miaka. Aliponiona na baibui langu, alinyanyuka.

“Tooting! Tooting Broadway!” Akageukia wenzake akasema neno, wote wakasema pamoja: “Ah, Mwingereza!”

Mimi! Mtu wa Pemba, ambaye London nzima kila mtu mpaka leo ananiuliza ninatoka wapi hasa, nikaitwa Mwingereza mara ya kwanza katika maisha yangu, na nikaitwa hivyo huko. Jina likanikaa. Nikipita kwenda kununua mkate: “Asubuhi njema, Mwingereza! Umetuletea mvua?”

“Nimewaletea bili ya kulipia benchi,” nikamwambia siku moja, na yule wa aiskrimu akawafasiria wenzake, wakajipiga mapaja kwa vicheko.

Sitosema uongo, palikuwa pazuri. Jua linachoma mgongoni, ukiingia kivulini unataka koti. Mizeituni inapogolewa, moshi wa matawi unapanda kila upande. Wanaume wanafunga mizabibu kwa vijiti laini vya manjano, wanavikunja kwa vidole kama mama anayesuka ukili. Wanawake wanatoka na visu na mifuko kuchuma majani pori kwenye kingo za mashamba. Nonna alinichukua mara moja. Akachemsha majani yale, akayakamua, akatia mafuta na saumu. Nikaonja. Mchunga! Uchungu ule ule wa mchunga wa kwetu. Nilikula, na Nonna akaniongezea bila kuuliza.

Lakini roho haikutulia. Alikuwa akimpeleka mtoto nyumba kwa nyumba, nami nyuma yake. Wanawake wanamfinya mashavu, wanapiga kelele. Nyumba moja, bibi mmoja kipofu akampapasa uso, halafu kwa dole gumba akamchora alama ya msalaba kipajini. Nilimfuta kwa ncha ya kanga palepale. Kipofu hakuona. Nonna aliona.

Nilipowasha udi chumbani kwangu ili nipate utulivu, akaja mlangoni ananusa, uso umemnawiri. “Kama kanisani!” akasema. Nikauzima.

Kisha likaanza zoezi la usafi. Sijaona usafi kama ule hata kwa harusi. Magodoro yalitolewa madirishani. Nonna akapaka kuta za jiko chokaa, mwenyewe, juu ya kiti. Akatoa masufuria ya shaba nyekundu, akayasugua kwa majivu na siki mpaka yakawaka. Nilimsaidia, siwezi kukaa mtu anafanya kazi. “Kuna nini?” nilimuuliza. “Pasaka,” akasema. “Na padri anakuja.” Kila akisema neno hilo, padri, mimi namtafuta mtoto kwa macho.

Siku ya mwisho ya usafi akafungua kasha la mbao, na kutoka chini kabisa akatoa gauni jeupe la mtoto, refu kuliko mtoto mwenyewe mara mbili, lesi tupu. Akalitundika dirishani lipigwe na upepo.

“La nani hili?”

“La wanangu. Walilivaa. Na mimi nilivaa.”

“Wanavalia wapi?”

Akanyanyua kidevu kuonyesha juu, kwenye mnara wa kanisa.

Nilimvuta mwanangu pembeni. “Wanataka kumbatiza.”

“Mum! Ameanika nguo. Kila kitu kimeanikwa, huoni? Hata mapazia.”

“Padri anakuja hapa. Amesema mwenyewe.”

“Basi anakuja. Mtu hawezi kutembelewa na padri wake? Mum, tafadhali. Usinitie aibu.”

Aibu. Mimi niliyemsomesha kwa mafuta ya karai.

Asubuhi iliyofuata mwanangu na mumewe walishuka kwa basi mjini kununua nepi. Nyumbani tulibaki mimi, mtoto, na Nonna. Naye alikuwa amevaa gauni lake la kutokea na hereni. Akatandika kitambaa cheupe mezani. Akaweka sahani ya mayai, na kijitawi cha mzeituni juu yake. Akaweka bakuli. Milango yote miwili akaiacha wazi. Kengele ya kanisa ikalia, nikachungulia dirishani. Padri huyo anapanda ngazi, kanzu nyeupe ya lesi juu ya nyeusi, na nyuma yake mzee amebeba ndoo ndogo ya shaba, maji yanamwagika kwenye mawe kila akipiga hatua.

Nonna akaingia chumbani. “Mvishe mtoto nguo nzuri,” akasema. “Padri anafika.”

Nikasema, “Haya.” Akatoka. Nikamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, nikavaa viatu vya kamba, nikapita mlango wa jikoni.

Kwa umri wangu na magoti yangu, nilipanda mlima ule kama mbuzi. Nyuma ya nyumba kuna mashamba ya matuta, ukuta wa mawe juu ya ukuta wa mawe, na vingazi vyembamba vya kupandia. Yule mzee wa aiskrimu alikuwa katika mizabibu yake, vijiti vya manjano mdomoni.

“Mbio za wapi, Mwingereza?”

“Namtembeza mtoto!”

“Kwa kasi hiyo? Atafika Ufaransa!”

Sikusimama mpaka kwenye kibanda cha majembe, juu kabisa. Nikaingia, nikakaa juu ya gunia. Mtoto alifurahi, alidhani ni mchezo. Nilimvunjia ganda la yale maharage mabichi makubwa wanayoyala bila kupika, akalitafuna na udongo wake, uso mzima ukawa kijani na mweusi. Nikasoma nilichokuwa nacho, Ayatul Kursiyyu, mara kwa mara, nikimpulizia utosini. Nilijiona nimemwokoa. Na papo hapo nikawa nafikiri: sasa? Utakaa kibandani mpaka lini?

Kutoka mlangoni nilikiona kijiji chote chini yangu. Nikamwona padri. Anatoka nyumba ya jirani yetu wa chini, mzee wa ndoo nyuma yake. Akaingia kwetu. Hakukaa. Akatoka, akaingia nyumba ya juu yetu. Akatoka, akaingia nyingine. Nikaangalia vizuri. Kila mlango wa kijiji ulikuwa wazi. Kila dirisha lina godoro. Mlangoni pa kila nyumba mwanamke amesimama na nguo yake ya kutokea, na sahani mkononi, na mzee wa ndoo anapokea mayai anatia kapuni.

Padri alikuwa akinyunyizia nyumba. Nyumba zote, kila mwaka wakifungua madirisha baada ya baridi, anapita na maji ya baraka mlango kwa mlango. Na mimi, jinsi ninavyojiona, nilidhani kijiji kizima kimefagia kwa ajili ya mjukuu wangu.

Hapo nikasikia wanaita. Kwanza sauti ya Nonna, halafu za wanawake wengine, halafu benchi zima. Mbwa nao. Ningeweza kutoka nikapunga mkono. Sikutoka. Mtu akikimbia mbele za watu, anarudije?

Nonna alifika peke yake. Mzee wa aiskrimu alikuwa amemwelekeza. Nguo yake ya kutokea ilikuwa na matope mpaka magotini, hereni moja haipo. Alimtazama mtoto kwanza, uso wake, mikono yake, miguu yake. Halafu akakaa chini kwenye kizingiti, ananihemea.

“Nilidhani umeanguka naye,” akasema. “Nilikwenda kutazama kisimani.”

“Nilidhani mnambatiza.”

“Leo?”

“Padri, maji, gauni jeupe, mayai. Wewe mwenyewe umesema nimvishe nguo nzuri!”

“Avae suruali safi, padri amwone! Nionekane sina mjukuu mchafu!” Alipiga kiganja kwenye jiwe. Mtoto akaendelea kutafuna ganda lake. Nilidhani imekwisha hapo. Lakini akasema, bila kunitazama:

“Nilimwomba padri. Juzi.”

“Ulimwomba nini?”

“Unajua. Akakataa. Akasema bila baba na mama, hapana. Akaniambia nisimwombe tena.”

Basi sikuwa mwendawazimu. Damu ilinipanda, na wakati ule ule nikapata nafuu kama mtu aliyeambiwa jina la ugonjwa wake. “Kwa nini?” nikamuuliza. “Amesomewa adhana. Ana watu wa kumwombea. Unaogopa nini?”

Akaniambia. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa London akafa kabla ya kumwagiwa maji. Padri wa wakati huo alimwambia mtoto hatakuwa pamoja na wengine. Mapadri wa siku hizi hawasemi hivyo, alisema, wanasema Mungu ana huruma, lakini yule wa kwanza ndiye aliyemsikia akiwa kitandani, na maziwa yanamtoka. “Wewe uliondoka na huyu,” akasema, “na mimi nikaona wawili.”

 Nilimpa ncha ya kanga yangu afute uso.

Kushuka ndiko kulikonishinda. Magoti yaliyopanda kama mbuzi yalikataa ngazi zile, mawe yamelowa, yanateleza. Nilishuka moja nikayumba. Nonna akanyoosha mikono.

“Nipe. Mimi mawe haya nayajua tangu sijui kusema.”

Niliangalia mikono ile. Kisha nikafungua kanga nikampa mtoto, nikashuka nyuma yao kwa matako, ngazi baada ya ngazi, jicho kwenye kichwa kidogo begani kwake.

Tulipofika kiwanjani benchi lote lilisimama. “Mwingereza karudi na mateka!” alipaza sauti yule wa aiskrimu, aliyetutangulia kwa njia ya mkato. Nonna hakusimama. Alikwenda moja kwa moja kwenye bomba, akakinga kiganja, akamwosha mtoto uso. Mashavu, pua, mdomo. Halafu akakinga tena, akamwosha kipaji, na nikaona midomo yake inacheza.

Nilifika hapo sijui vipi.

“Umesema nini?”

“Nimesema, mchafu wewe.”

“Kwa Kitaliano?”

“Kwa Kitaliano. Nimseme kwa Kichina?”

Nilimtazama machoni, akanitazama. Sikuona kitu. Nikamchukua mtoto, nikakinga maji palepale, nikasema bismillahi kwa sauti, benchi lote lisikie, nikamwosha uso upya. Mtoto akapiga ukelele. Yalikuwa maji baridi ya mlimani, na mara mbili.

“Jamani,” mzee wa aiskrimu akasema, “si atakuwa safi huyu!”

Mwanangu alipopanda kutoka basini na nepi zake alitukuta tumekaa kwenye ukingo wa bomba, wazee wawili wenye matope, mtoto katikati, analia. Hakuuliza mbele za watu. Alituuliza usiku, na tulijibu jibu moja bila kupanga: tulikwenda kutembea.

Kiangazi kikapita. Nilimaliza kiangazi chote nikibadilisha nia. Asubuhi nafunga biashara, jioni sifungi. Siku mwanangu aliporudi kazini, mimi ndiye niliyempeleka mtoto kwa Nonna, kwa miguu, na mvua ile nyembamba ya Tooting. Alifungua mlango, mikono imelowa mpaka viwiko.

Nikasimama.

“Naosha vyombo,” akasema, ameniona ninapotazama. Akaifuta kwenye aproni, upande huu na upande huu, akanionyesha, mikavu. Nikampa mtoto. Mlango ukafungwa.

Nilikaa kituoni mabasi yakapita. Kazini niliunguza karai zima la sambusa, jambo ambalo wanawake wangu hawajaliona, na hakuna aliyethubutu kucheka. Nilimfuata mapema kabla ya wakati. Alikuwa amelala kwenye kochi, soksi zake zimeanikwa juu ya hita, mkononi kipande cha mkate. Nikainama, nikamnusa kipaji.

Sabuni. Ile ile ya kopo la samawati ninayotumia mimi.

Nonna alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, anasubiri nimalize kunusa.

“Kesho nitamleta saa mbili,” nikamwambia.

“Mlete saa moja na nusu,” akasema. “Anywe chai huku.”